Nusu Sentimita kwa Mwaka

Karani wa masjala ya hospitali alikuwa na kawaida moja: kabla hajajibu swali, alifunga kwanza chupa yake ya chai. Alikaza kifuniko taratibu, akakijaribu kwa kidole gumba, akaisogeza chupa pembeni mwa dirisha, ndipo akainua macho na kusema hakuna.

"Hakuna nini?" akauliza Mama Pindo, ingawa alijua.

"Faili la zamani, mama. Nilikwambia Jumanne."

"Jumanne uliniambia nije Alhamisi."

"Sawa kabisa. Na leo ni Alhamisi, nami nakwambia hakuna."

Siku nyingine Mama Pindo angecheka. Lakini hii ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo kufunga chumba chake cha ushonaji, kumtoa mtoto darasani, na kuja kuzungushwa kama pia kutoka dirisha moja hadi jingine. Nyumbani alikuwa ameacha suti ya mwalimu mkuu ikining'inia bila mikono, na mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kungojeshwa. Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu ya mapindo yake. Nguo aliyoikunja yeye chini ilikaa sawa pande zote, haiburuti wala haipandi, na alikuwa na sifa hiyo mitaa minne.

Nyuma yake, Sindano alikuwa akisoma tangazo la kunawa mikono kwa mara ya ishirini. Huyu ndiye binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na mmoja na nusu. Jina hilo alipewa na manesi zamani, kwa kuwa akiwa na miaka minne hakulia kuchomwa, alitaka tu aishike sindano yenyewe aione. Sasa alikuwa ameegemea mguu mmoja na nyonga imechomoza upande.

"Simama wima," akasema mama yake bila kugeuka.

"Nimesimama wima."

"Umepinda. Nakujua."

"Hata hujageuka, mama."

Karani aliwatazama wote wawili, akaanza kuifungua tena chupa ya chai. Mama Pindo akaiwekea kiganja juu.

"Kaka yangu," akasema polepole, maana akighadhibika sauti yake hushuka badala ya kupanda. "Sikuja kukopa. Mtoto huyu alilazwa hapa miezi saba. Alipigwa mionzi hapa wiki tano. Karatasi zake haziwezi kuwa zimetembea kwa miguu zikaenda zake. Kama ufunguo wa stoo ya zamani unao, nipe, nitaingia mwenyewe."

"Ufunguo anao mtunza stoo."

"Mtunza stoo yuko wapi?"

"Amekwenda kula."

Saa ilikuwa tatu na nusu asubuhi.

Aliyewafikisha hapo ni mwalimu wa michezo. Aliandika barua kwamba binti anakimbia peku akichechemea, na akimaliza analalamika mgongo. Barua ikawapeleka zahanati, zahanati ikawaleta hospitali kubwa, na Jumatatu wakaketi mbele ya daktari wa mifupa, mama mmoja mwenye nywele fupi na sauti ya mtu aliyechoka kurudia. Alipiga picha ya miguu yote miwili, na picha ya kiganja cha kushoto pia, jambo ambalo Mama Pindo aliona ni kichekesho mpaka alipoelezwa.

Daktari alizibandika picha kwenye taa. Akaweka kalamu juu kidogo ya goti, mahali ambapo mfupa wa paja unaishia, akaonyesha mstari mweusi mwembamba unaokata mfupa kwa upana.

"Huu mstari si ufa," alimwambia Sindano. "Ni tabaka la gegedu, ule mfupa laini. Mfupa wa mtoto hurefukia hapa. Seli zinagawanyika, zinapangana, zinageuka mfupa, na mguu unasogea mbele. Mguu wa kulia, unaona, tabaka limenyooka. Huku kushoto limebana, limechakaa. Ulikuwa na uvimbe kwenye nyama ya paja, hapo hapo karibu na goti. Wakaupiga mionzi, na mionzi ikapita kwenye tabaka hili."

"Kwa hiyo ilikosea," akasema Sindano.

"Haikukosea. Iliua kitu kilichokuwa kinakuua. Lakini mionzi huziumiza zaidi seli zinazogawanyika haraka. Za saratani ni hivyo, na za mfupa wa mtoto anayekua ni hivyo hivyo. Haina macho ya kuchagua. Na ubaya wake hauonekani siku ile. Unaonekana pole pole, kadiri mguu mmoja unavyokua na mwenzake unavyobaki nyuma."

Tofauti ilikuwa sentimita mbili na milimita nane. Daktari akasema hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu namba moja haimwambii chochote. Huenda mguu ulibaki nyuma miaka ile ya mwanzo, kisha ukaanza kwenda sambamba na mwenzake. Kama ni hivyo, kiatu chenye soli nene kinatosha, na hana sababu ya kumpasua mtoto. Huenda kwa upande mwingine pengo bado linapanuka. Kama linapanuka, kuna upasuaji mdogo wa kuyafunga matabaka ya mguu mzima, yaani wa kulia, ili uache kukimbia na kumwacha mwenzake. Lakini upasuaji huo hufaa tu mifupa ikiwa ingali inakua. Na kiganja cha Sindano kilionyesha kwamba mifupa yake imetangulia umri, iko kwenye miaka kumi na miwili. Imebaki miaka miwili ya kukua, basi.

"Nahitaji vipimo vya nyuma," daktari alisema. "Vitatu, vinne, vya miaka tofauti. Vitakuwa kwenye faili lake la mionzi. Nileteeni."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na daftari, na tangu dakika ile daftari lile likawa linamwelemea utadhani amebeba pasi ya mkaa.

Lilikuwa daftari la vipimo, lenye jalada jeusi, limefungwa kwa mpira. Hakuwahi kutoka nyumbani bila hilo na utepe wake wa kupimia, kwani wateja humkamata popote. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Wa Sindano ulikuwa wa mwisho kabisa, nyuma, mahali ambapo mtu hafunui.

Kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa alimpima suruali ya michezo. Mafundi hupima suruali kwa ndani ya paja, lakini Sindano alikuwa hagusiki paja. Utotoni alianguka chini kwa kicheko, na baada ya hospitali aliruka kama ameguswa na moto. Basi mama yake akazoea kupima kwa njia yake: kutoka ncha ya mfupa wa nyonga inayochomoza mbele, hadi mfupa wa kifundo upande wa ndani. Akapima mguu wa kulia, akaandika, akapima wa kushoto, akaandika. Fundi mvivu hupima mmoja na kukata miwili. Yeye hakuwa fundi mvivu.

Sindano alipofika miaka saba, utepe ulisema sitini na mbili kulia, sitini na moja na nusu kushoto. Fundi mwingine angesema umeteleza. Mama Pindo alirudia mara tatu, kisha roho ikamruka, kwa maana alijua jambo moja tu kuhusu mguu ule, kwamba uliwahi kuwa na saratani. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye foleni ya kliniki. Saa tisa mchana daktari wa zamu siku hiyo, kijana mwenye haraka, alilibonyeza paja, akatazama picha, akasema saratani haipo. Mama Pindo akamwambia kuhusu nusu sentimita. Kijana akatabasamu. "Mama, mtoto mzima huyo. Usitafute maradhi."

Hakuyatafuta tena. Alirudi nyumbani akafanya anachokijua. Alikata suruali, mguu wa kushoto ukawa mfupi kwa nusu sentimita, akapiga pindo, akapiga pasi, na ikakaa vizuri ajabu. Mwaka uliofuata akapunguza sentimita nzima, na ndani ya kiatu cha kushoto akashona kipande cha kitambaa kizito cha sufi chini ya ngozi ya soli. Kila mwaka alikihamishia kwenye kiatu kipya na kukiongezea tabaka. Sindano alikua akidhani viatu vyote duniani hutengenezwa hivyo. Na kwa kuwa watu wana macho, na mtoto alipovua viatu alipinda, mama yake alitafuta neno la kuwajibu. Neno alilolipata ni uvivu. Mtoto huyu ana uvivu wa kusimama, alisema, na kwa kulisema sana akawa analiamini nusu nusu.

Kwa hiyo faili alilitaka kuliko daktari mwenyewe. Likipatikana, na vipimo vikiwemo, daftari lingebaki ndani ya mkoba.

Simu ilimlilia mkobani. Ni mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa njiani na mzigo siku ya nne.

"Wamesemaje?"

"Hawajasema. Wanatafuta faili."

"Bado?"

"Bado."

"Lakini wamesemaje?"

"Mume wangu, nikate simu au niitupe?"

Mtunza stoo alirejea saa nne na robo, akijipangusa mdomo. Alikuwa mzee mkimya, na alisikiliza maelezo mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna aliyelifanya wiki nzima. "Huyu mtoto alipona?" akauliza.

"Si huyu hapa amesimama mbele yako?"

"Basi mmemtafuta pasipo pake. Atakuwa kwa waliomaliza."

Dakika ishirini tu. Faili lilikuwa chumba cha nyuma kabisa, kwenye rafu iliyoandikwa kwa chokaa WALIOMALIZA, zima, safi, halijaguswa na panya wala mtu. Karani alieleza, bila kupepesa macho, kwamba waliomaliza matibabu hawatafutwi, hivyo rafu yao haimo kwenye orodha. Mtoto akipona, karatasi zake hupelekwa mahali ambapo hakuna anayeingia. Mama Pindo alikuwa na maneno matatu ya kumjibu, yote mabaya, akayameza kwa sababu faili lilikuwa mkononi.

Alilifungua pale pale kwenye benchi la korido. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kiasi cha mionzi aliyopigwa mtoto, na mchoro wa paja na goti. Chini yake mtu mmoja, ambaye laiti angemjua angemshonea suti ya bure, aliandika kwa mwandiko mzuri uliopigiwa mstari: *Apimwe urefu wa miguu yote miwili kila mwaka mpaka atakapoacha kukua.* Kisha zikafuata kurasa za kliniki, moja kila mwaka, kila moja na mhuri. Palikuwa na safu ya uzito. Palikuwa na safu ya mguu wa kulia na safu ya mguu wa kushoto. Uzito uliandikwa miaka yote saba. Safu za miguu zilichorwa vistari, kistari baada ya kistari.

Mzani ulikuwa mlangoni, alikumbuka. Manesi walisema panda, mtoto akapanda, wakaandika, haya anayefuata. Hakuna aliyekuwa na utepe.

Daktari wa mifupa alizifunua kurasa hizo moja moja, na kila alipofunua midomo yake ilizidi kubana.

"Kilo kumi na tisa," akasoma. "Kilo ishirini na mbili. Kilo ishirini na tano, hali nzuri. Huyu ni mtoto au gunia la mchele?" Akalifunga faili akalisukuma mbali. "Samahani, mama. Si kosa lako. Wiki hii ni la tatu hili. Wanaandikiwa kabisa, pimeni miguu, nao wanapima uzito."

"Kwa hiyo?" akauliza Mama Pindo.

"Kwa hiyo nitaanza mwanzo. Mrudi baada ya miezi sita nipige picha, halafu baada ya sita mingine. Nikiwa na picha tatu nitajua pengo linapanuka au limesimama."

"Na mifupa itanisubiri?" akauliza Sindano.

Daktari alimtazama. Alikuwa mtu wa kusema kweli, na watoto aliwaheshimu vya kutosha kuwaambia. "Haitasubiri. Baada ya mwaka utakuwa umebakiwa na nusu ya muda wako wa kukua. Kama pengo linapanuka, ule upasuaji mdogo utasaidia nusu tu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hubaki ule mkubwa. Kuukata mfupa wa mguu mfupi na kuuvuta kwa vyuma, milimita moja kwa siku, miezi na miezi. Na mfupa uliopigwa mionzi huunga kwa taabu. Mimi mwenyewe nisingependa kuufanyia mguu wako."

"Si ungenipasua tu sasa?"

"Nitoboe mguu mzima wa mtoto kwa kubahatisha? Hapana, binti."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu. Mama Pindo aliutazama mkoba wake. Akiusukuma chini ya kiti, wote watatu wataishia kuilaani hospitali, na hospitali itastahili. Hakuna atakayemlaumu. Sindano ataendelea kuwa mtoto mwenye uvivu wa kusimama, hadi siku atakayofungwa vyuma. Aliona aibu kali, aibu ya kutamani sakafu ipasuke, kwamba hata aliweza kulifikiria jambo hilo kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akapiga moyo konde.

"Vipo," akasema.

"Vipo nini?"

"Vipimo. Vya miaka mitano."

Alilivua daftari ule mpira, akafunua ukurasa wa mwisho, akaliweka mezani. Hakumwangalia binti yake.

Daktari alisoma. Akavaa miwani akasoma tena. "Umepima kutoka wapi mpaka wapi?"

Mama Pindo alimwonyesha juu ya mwili wa Sindano, kidole kwenye ncha ya nyonga, kidole kwenye kifundo cha ndani.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Hataki kuguswa paja."

Daktari alicheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakukitarajia. "Na sisi tunapima hivyo hivyo," akasema. "Panda kitandani, binti. Mama, mpime kama unavyompima siku zote. Mimi sisemi kitu."

Mama Pindo alitoa utepe wake mwenyewe mfukoni mwa mkoba. Aliuweka kwenye mfupa wa nyonga, akaunyoosha hadi kifundoni. Sabini na nane na nusu. Sabini na tano na milimita saba. Daktari alitoa mahesabu ya picha ya Jumatatu akayaweka kando ya daftari. Tofauti ilikuwa ile ile.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi kiasi cha kukasirisha, ukifikiria wiki ilivyokwenda. Daktari alichukua karatasi yenye miraba akaweka nukta. Miaka saba, nusu sentimita. Minane, sentimita moja. Tisa, moja na nusu. Kumi, mbili. Kumi na mmoja, mbili na nusu. Leo, mbili na nane. Akaweka rula juu yake na mstari ukapita katikati ya nukta zote.

"Pengo halijasimama hata mwaka mmoja," akasema. "Nusu sentimita kwa mwaka, na sasa limeongeza kasi. Tukiliacha, litafika karibu sentimita nne. Tukifunga matabaka mawili ya goti la kulia sasa hivi, hatabaki na tofauti ya kufika hata sentimita moja. Hiyo kiatu kinaimeza." Akafungua kalenda. "Wiki sita kuanzia leo. Shule zitakuwa zimefungwa."

"Nitakuwa mfupi?" akauliza Sindano.

"Mfupi kidogo kuliko ambavyo ungekuwa. Sentimita tatu hivi."

Sindano alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amekubali biashara hiyo. Daktari alimgeukia mama yake, na sauti yake ikawa na makali tena. "Lakini mama. Miaka mitano. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," akajibu Mama Pindo. "Mara moja. Niliambiwa nisitafute maradhi."

Daktari akalivuta faili na kuandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sindano alikuwa amelichukua daftari. Alilisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama anavyosoma mtu barua aliyoandikiwa mwenyewe na haikufika.

"Kulia sitini na sita, kushoto sitini na tano," akasema. "Hii ni darasa la pili?"

"Ndiyo."

"Ndio mwaka ule wewe ulikuwa unanisimamisha ukutani kila jioni. Na mpini wa ufagio mgongoni."

"Ndio huo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mimi nililia nikasema nimesimama wima. Ukasema uvivu."

Mama Pindo alikuwa na majibu. Alikuwa ameyapanga njia nzima tangu Jumatatu: kwamba aliogopa, kwamba hakutaka achekwe shuleni, kwamba kila alipochukua utepe aliiona wodi ile na vile vitanda vidogo. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililojibu swali. "Ulikuwa umesimama wima," akasema. "Nilikusingizia. Nisamehe, mwanangu."

Sindano alilifunga daftari, akalirudishia mpira wake, akalitia kwenye mkoba wake wa shule badala ya kumrudishia mwenyewe.

Koridoni simu ililia tena. Sindano aliichukua kabla mama yake hajaifikia.

"Wamesemaje?" sauti ya baba ikasikika hadi nje ya simu.

"Baba, mguu wangu wa kushoto ni mfupi. Mama anajua tangu darasa la kwanza. Watanipasua ule wa kulia."

Kwenye simu lori likasikika likipiga breki kando ya barabara.

Walifika nyumbani saa nane. Sindano aliketi kizingitini mwa chumba cha ushonaji, akavua kiatu cha kushoto, akaingiza mkasi chini ya ngozi ya soli na kuivuta ile sufi. Ilitoka tabaka tabaka, imekandamizwa na kulowa jasho, ya darasa la pili, la tatu, la nne. Aliipanga sakafuni akaitazama. Mama Pindo aliona ni heri angetukanwa.

"Daktari amesema kiatu cha soli nene si kibaya," akajaribu. "Mpaka upasuaji."

"Nitavaa. Lakini cha nje. Kionekane." Sindano aliinua macho kwenye kitambaa cha buluu kilichokuwa juu ya meza, tayari kimewekewa alama za chaki. "Ile ni suruali yangu mpya?"

"Ndiyo."

"Ikate sawa."

"Itaburuta, mwanangu. Upande mmoja."

"Iburute. Nataka nijue tofauti iko wapi."

Hakuna kitu ambacho mtu angeweza kumwomba Mama Pindo kikamkera kuliko hicho. Pindo linaloburuta, limeshonwa na yeye, litembee barabarani mchana kweupe na mitaa minne ilione. Alishika mkasi akauweka chini. Akaushika tena. Alifuta alama ya chaki ya mguu wa kushoto kwa kiganja, akaikunja nguo mara mbili, akakata miguu yote miwili kwa pamoja. Mashine ilimaliza kazi kwa muda usiofika saa.

Sindano aliivaa pale pale na kusimama mlangoni, peku. Nyonga ilichomoza upande. Upande wa kulia pindo liligusa kifundo kama inavyotakiwa, na upande wa kushoto likalala sakafuni. Mama yake alifungua kinywa, na yale maneno mawili ya miaka mitano yalikuwa tayari yamefika kwenye meno. Akakifunga kinywa.

Wakati huo mwalimu mkuu aliingia kuuliza suti yake. Alimpita binti mlangoni, akageuka, akamtazama chini.

"Fundi," akasema kwa utani. "Leo umenishangaza. Pindo la mtoto linaburuta."

"Pindo liko sawa," akasema Mama Pindo. "Mguu wake wa kushoto ni mfupi. Sentimita mbili na milimita nane. Alipigwa mionzi akiwa mdogo, mfupa ukabaki nyuma. Mimi nilikuwa naficha." Alisema yote kwa sauti ya kawaida, inayosikika hadi barabarani, na masikio yalimwaka moto. "Yeye amesimama wima."

Mlangoni Sindano hakugeuka, lakini aliacha kuchezea kitasa, na hakuondoka.

Mama Pindo aliitungua suti kwenye msumari, akauvuta utepe wake.

"Haya, nyoosha mkono nikupime," akamwambia mwalimu mkuu. "Na mwingine. Huwa sipimi mmoja."